Kitanzi cha shaba au cha homoni? Anza kwa kuitizama damu yako

Swali hili naulizwa sana siku hizi, hasa na wale waliochoka na sindano ya kila miezi 3 au waliochoka kukumbuka vidonge, kitanzi kipi nitie, yaani kile kijidude kinachotiwa ndani ya kizazi kuzuia mimba, kile cha shaba au kile chenye homoni, na wengi wakiuliza tayari washasikia kwa shoga zao kuwa kimoja kizuri na chengine kibaya. Jamani si hivo. Vyote viwili vinazuia mimba vizuri sana na vyote viwili vina tabu zake, ila tabu za hichi ni kinyume cha tabu za kile, kimoja kinaongeza damu ya mwezi na chengine kinaipunguza mpaka kwa wengine inapotea kabisa. Ndo maana mie kabla sijamjibu mtu namuuliza kwanza, damu yako ikoje, unakwenda siku ngapi, pedi unabadilisha mara ngapi kwa siku, chango, yaani maumivu ya tumbo ya hedhi, linakukamata vipi. Mengine yote tunayazungumza baada ya hapo.

Mie nnacho cha shaba na wifi yangu aliye Wete, Pemba, anacho cha homoni, na sote tunashukuru, lakini tungebadilishana sote wawili tungelia. Yeye toka usichana damu yake nyingi, alikuwa akienda harusini siku za hedhi anavaa pedi mbili na juu yake kitambaa na bado anakaa kwa wasiwasi, hainuki mpaka amuombe mtu amtizame nyuma. Mie yangu nyepesi na siku zake chache. Sasa mtu kama wifi ukimwambia atie shaba kwa sababu mie kimenifaa unamtafutia balaa.

Kwanza tujue ni vitu gani. Nesi alinionesha kabla ya kunitia, alikiweka kwenye karatasi nikakitizama vizuri: kijiplastiki cheupe cha umbo la herufi T, urefu wake hata sentimita 4 haufiki, mguu wake umezungushiwa waya mwembamba wa shaba, mikono yake miwili kila mmoja umevishwa kipande cha shaba, na chini zinaning'inia nyuzi mbili. Kile kinachojulikana zaidi kinaitwa TCu380A, hiyo 380 ni ukubwa wa eneo la shaba kwa milimita za mraba. Cha homoni ukikitizama kwa mbali utasema ni hichi hichi, T na nyuzi zake, ila pale penye waya wa shaba pana kama kijibomba kidogo kimebeba homoni inayoitwa levonojestreli. Kilicho maarufu, Mirena, kina miligramu 52, inatoka kidogo kidogo, mwanzoni kiasi cha mikrogramu 20 kwa siku na inazidi kupungua miaka ikienda.

Shaba inafanya kazi kwa kuziharibu mbegu za mwanamme zisiweze kulifikia yai. Mwili wako wewe unaendelea na mzunguko wake kama kawaida, yai linatoka, hedhi inakuja, hakuna homoni iliyoingizwa. Kile chengine kinaufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite, na ule utando wa ndani ya kizazi ambao kila mwezi hujijenga halafu ukatoka kama hedhi, unabaki mwembamba. Shikilia hili la utando mwembamba, ntalirudia mbele maana ndo linalowatia watu hofu.

Nimeanza na namna vinavyofanya kazi kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tunaogopa dhambi, mtu anahisi kila mwezi anatoa mimba. Kazi kubwa ya vyote viwili ni kuzuia mbegu na yai visikutane. Na azl, yaani mwanamme kumwaga nje, ilikuwako toka zama za Mtume (s.a.w.), na mashekhe wengi wakizungumzia njia za muda, ambazo ukitoa unazaa tena, wanaziangalia kwa mlango huo, mke na mume wakiwa wameridhiana na hapana madhara. Mwenye wasiwasi amuulize shekhe anayemuamini kabla ya kutia, asingoje mpaka keshatia ndo aanze kukosa usingizi.

Kwa nguvu ya kuzuia mimba usipoteze muda kuvilinganisha, katika wanawake 100 wanaotumia kitanzi kwa mwaka, cha shaba au cha homoni, hata mmoja hafiki anayeshika mimba. Weka pembeni vidonge ambavyo kwa namna watu wanavyovitumia kweli, wakisahau leo na kesho, wanapata mimba kama 7 katika 100, na sindano kama 4, maana tarehe ya kurudi inapita mtu yuko shamba au kivuko kimemkwamisha. Kitanzi hakina cha kusahau.

Sasa damu yenyewe

Hapa ndo pa kukaa na kufikiri.

Ukitia shaba tegemea miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo hedhi iwe nyingi kuliko ulivyozoea, siku ziongezeke, na chango liume zaidi, tena pengine unaona matone kabla ya hedhi yenyewe kuanza. Kwa wengi inatulia baadae, ila hata ikitulia mara nyingi haishuki ikawa chini ya ulivyokuwa mwanzo. Kama ulikuwa na siku 4 za damu nyepesi ukapata 5 au 6 zenye damu ya wastani hutoona shida, unameza ibuprofeni baada ya chakula siku mbili za mwanzo na maisha yanaendelea. Kama ulikuwa tayari unakwenda siku 8 na mabonge, basi hapo unajitafutia upungufu wa damu, na sisi huku upungufu wa damu tunao mwingi hata bila ya kitanzi, mimba zenyewe zinafuatana na watu wengi chakula chao ni wali na mchuzi wa maji. Mtu akipanda ngazi anahema, kiganja cheupe, ukilishusha jicho chini ndani pameupe, huyo asikimbilie shaba mpaka apimwe damu kwanza. Hakatazwi moja kwa moja, ila lazima atibiwe hiyo damu na afuatiliwe.

Cha homoni miezi ya mwanzo nacho kina usumbufu wake, wa aina nyengine. Damu si nyingi lakini haina adabu, inakuja matone leo, kesho hakuna, keshokutwa tena, unaweza kuwa hivo miezi 3 mpaka 6 na ndo wakati ambao wengi wanakimbilia kukitoa. Ukivumilia hapo damu inapungua sana. Kwa wanawake waliokuwa na hedhi nyingi kupita kiasi, ndani ya mwaka inaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 80, na ndo maana madaktari wanakitumia hata kama dawa ya hedhi nyingi bila ya habari ya uzazi wa mpango, na chango nalo linapungua. Ukifika mwaka kama mwanamke mmoja katika watano haoni hedhi kabisa.

Na hapo ndo maneno yanapoanza. Bibi atakwambia damu imekaa tumboni, itaoza, itageuka uvimbe, nenda kanywe dawa ya kusafisha. Rudi kwenye ule utando niliokwambia. Hedhi ni ule utando uliojijenga ndo unaotoka, sasa usipojijenga hakuna cha kutoka. Hakuna damu iliyofichwa pahala, hakuna kilichoziba. Ukikitoa kitanzi utando unajijenga upya na hedhi inarudi. Ila nasema hivi, kama wewe ni mtu ambae usipoiona hedhi hulali, kila mwezi utanunua kipimo cha mimba na roho juu juu, basi cha homoni kitakutesa hata kama mwili umekipokea vizuri, na hiyo ni sababu ya haki kabisa ya kuchagua shaba. Hedhi ya kila mwezi kwa mwengine ni utulivu wa moyo.

Swala na saumu

Hili hulikuti kwenye vikaratasi vya spitali lakini kwetu ndo linalowatoa watu vitanzi. Mtu anapata matone siku kumi na ngapi, hajui aswali au asiswali, Ramadhani imeingia hajui afunge au aache, mume nae anauliza lini. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hedhi haipungui mchana na usiku mmoja na haizidi siku 15, na usafi wa baina ya hedhi mbili nao haupungui siku 15. Damu iliyozidi mipaka hiyo ni istihadha, unajisafisha, unajifunga vizuri, unatia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya kuingia wakati, unaswali, unafunga, na mume si haramu kwako. Matone yanayokatika na kurudi yana hesabu yake, kwa hivo chukua daftari uandike kila siku, imetoka au haikutoka, saa ngapi, halafu mpelekee ustadhi wako au yule ustadhati anayewasomesha madrasa ya kina mama, usimpelekee hadithi ya kukumbuka kukumbuka.

Kwa upande huu shaba ni nyepesi kuhesabu, hedhi inakuja kwa wakati wake hata ikiwa ndefu kidogo, unaijua kuwa ni hedhi. Ya homoni miezi ya mwanzo ni mtihani, lakini baada ya hapo, wengi wanaswali na kufunga kuliko walivyokuwa mwanzo. Wifi yangu mwaka wa pili wa kitanzi chake alifunga Ramadhani nzima bila ya kudaiwa, alifurahi mpaka akalia. Kwa hivo kama unataka cha homoni na Ramadhani iko karibu, hesabu vizuri, tia mapema miezi kadhaa kabla au ngoja ipite, usije ukaingia mwezi wa toba kwenye matone.

Homoni zenyewe, na hofu ya sindano

Wengi wanaokataa cha homoni wanakataa kwa sababu ya sindano. Wanasema sindano ilininenepesha, ilinikausha, nilikaa muda mrefu sijashika mimba. Sindano ni homoni nyengine na kiasi chengine, inaingia mwilini mzima, na ni kweli uzazi unachelewa kurudi baada ya sindano, wengi wanangoja miezi mingi. Kitanzi homoni yake inafanya kazi zaidi pale pale kizazini, kinachoingia kwenye damu ni kidogo, na ukikitoa unaweza kushika mimba mwezi huo huo. Lakini kidogo si sifuri, nisikudanganye. Wapo wanaopata chunusi, matiti kuuma, kichwa kuuma, hisia kubadilika, na wengine wanapata vijivimbe vya maji kwenye vifuko vya mayai ambavyo mara nyingi hupotea vyenyewe. Na utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2024 ulionesha wanaotumia vitanzi vya levonojestreli wana ongezeko dogo la saratani ya titi, dogo sana kwa idadi ya watu, ila kama mama yako au dada yako aliugua titi lizungumze na daktari. Aliyewahi kuugua saratani ya titi mwenyewe hicho hakimfai, huyo shaba ndo yake.

Shaba haina lolote katika hayo. Ndo ubora wake mkubwa kwa mtu mwenye presha ya juu sana, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye kipandauso kinachoanza na kuona vimulimuli, au mtu tu ambae kila alichotia cha homoni kilimvuruga. Wengi wa hawa hata cha homoni hawakatazwi, ila shaba haina hata mjadala. Kwa mwenye sikoseli mambo ni kinyume, damu yake ni ya kuilinda, cha homoni kinamfaa zaidi. Na jambo moja watu hawaambiwi, mtu anayekunywa dawa za TB zenye rifampisini au dawa fulani za kifafa, dawa hizo zinadhoofisha vidonge na kijiti kinachotiwa mkononi, lakini vitanzi vyote viwili havidhuriki nazo.

Yako yanayokatazwa kwa vyote: kama una mimba, kama unatokwa na damu isiyojulikana sababu, kama una maambukizi ya kizazi hivi sasa yenye usaha na homa, saratani ya mlango wa kizazi inayongoja matibabu, au uvimbe uliopindisha nyumba ya uzazi kwa ndani. Uvimbe wa faibroidi uliokaa nje bila ya kupindisha ndani si kizuizi, na kwa mwenye faibroidi anayemwaga damu cha homoni kinaweza kumsaidia.

Na hakuna hata kimoja kinachozuia ukimwi, kaswende au kisonono. Hili nalisema kwa mwenye mume wa safari na kwa mwenye wake wenza pia, bila ya kumtukana mtu, pima kabla ya kutia, maana kisonono kikiwepo na kitanzi kikaingizwa juu yake ndo mtu anapata maambukizi ya kizazi halafu lawama zinakwenda kwa kitanzi.

Kutia kwenyewe

Hapa havitofautiani. Utaulizwa maswali, utahakikishwa huna mimba, utalala chali umekunja magoti, nesi anatizama kwa mkono kizazi kimekaa vipi, halafu kile kifaa cha kufungulia njia kinaingia, baridi kidogo, anasafisha mlango wa kizazi kwa dawa. Kisha anaushika mlango kwa kibanio, hapo utahisi mbano, anapima urefu wa ndani kwa kijiti chembamba, halafu kitanzi kinapita kwenye mrija mikono yake imekunjwa na kikifika ndani inafunguka. Hapo tumbo linakamata, chango kali la ghafla, linapita. Anakata nyuzi akakuachia sentimita chache. Kazi nzima ni dakika chache. Meza ibuprofeni kama saa moja kabla ukiwa umekula, vaa dira pana, nenda na mtu, na usishuke kitandani haraka, wengine wanapata kizunguzungu. Mie nilirudi na daladala ya Fuoni na kila tuta nilikuwa nalihisi, bora ukodi gari kama una uwezo.

Wakati pia unahusu uchaguzi. Cha shaba kinaanza kazi saa ile ile, siku yoyote ya mwezi kitakapotiwa. Cha homoni kikitiwa ndani ya siku 7 za mwanzo wa hedhi kinaanza papo hapo, nje ya hapo tumia kondomu au jizuie siku 7. Na shaba ina kazi moja zaidi, ikitiwa ndani ya siku 5 baada ya tendo lisilo kinga inazuia mimba ya dharura, tena vizuri kuliko vidonge vya dharura, halafu unabaki nayo.

Kwa aliyejifungua, unaweza kutiwa ndani ya saa 48 pale pale spitali, ukikosa hapo unangoja wiki 4 na zaidi, na kwa sisi inaangukia vizuri maana ukitoka arubaini unakwenda kliniki na mtoto, basi unamaliza vyote. Kunyonyesha hakuzuiliki kwa hichi wala kile.

Baada ya hapo jifunze kutafuta nyuzi. Nawa mikono, chuchumaa wakati wa kujitoharisha, ingiza kidole cha kati mpaka uguse kitu kigumu cha mviringo, huo ndo mlango wa kizazi, na hapo utahisi nyuzi kama mshipi mwembamba wa kuvulia. Usizivute. Fanya hivo baada ya hedhi kila mwezi, hasa miezi ya mwanzo, maana kama mmoja katika ishirini kitanzi chake kinatoka chenyewe na wengine hawajui, kimetoka na pedi. Ukigusa plastiki ngumu au ukakosa nyuzi kabisa nenda ukatizamwe na mpaka hapo tumia kinga. Kutoboa kizazi kunatokea mara chache sana, kiasi cha mmoja katika elfu, na mkono wa mtu aliyezoea ndo kinga yake, kwa hivo uliza bila ya haya, wewe unavitia mara nyingi? Nesi mzuri hakasiriki.

Kupatikana, bei na miaka

Hapa shaba inashinda waziwazi. Huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure na kitanzi utakachokikuta mara nyingi ni cha shaba. Cha homoni hukikuti kila kituo, pengine ukakitafute mjini kwenye spitali binafsi na bei yake ni kubwa, tena ni bei ya kifaa na bado kutia, kwa hivo uliza yote mawili kabla hujapanda gari. Kwa mtu wa Makunduchi au Nungwi ni safari ya mjini, kwa mtu wa Micheweni ni kushuka Wete au Chake, na kwa mtu wa Kojani au Tumbatu ni kuvuka maji kwanza. Fikiria na kurudi, sio kwenda tu. Kwa aliye mbali kitu cha miaka mingi ambacho nesi wa jirani anaweza kukitoa kina thamani yake.

Miaka, TCu380A imeandikwa 10 na ushahidi unaonesha hata 12 inafika. Cha homoni cha miligramu 52 zamani kilikuwa miaka 5, Marekani mwaka 2022 waliirefusha Mirena mpaka 8 kwa kuzuia mimba. Kuna vyengine vidogo vya homoni chache zaidi vya miaka 3 au 5, basi soma paketi uliyofunguliwa wewe, usisome ya mwenzio.

Maneno ya mtaani

Kitanzi hakipandi moyoni. Kizazi ni chumba kilichofungwa, hakina njia ya kwenda kifuani. Hakiingii kutu ndani yako kwa namna ya kukudhuru. Kuhusu mtoto kuzaliwa kakishika mkononi, mimba juu ya kitanzi inatokea mara chache, na ikitokea nenda spitali haraka kwa sababu nyengine kabisa, mimba hiyo inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Na mume anayesema nyuzi zinamchoma, mara nyingi ni mwanzo tu, zinalainika, zikiendelea rudi nesi azipange vizuri. Zikikatwa fupi sana zinabaki zimechomoza ngumu na zinachoma zaidi.

Sasa ningechagua vipi kwa ajili yako

Ungekuwa mdogo wangu, damu yako ya kawaida, huna upungufu wa damu, unataka uachanishe watoto miaka 3 au 4 bila ya homoni na bila ya gharama, ningekwambia shaba bila ya kusita, na ningekwambia jiandae na hedhi ngumu za miezi ya mwanzo. Ungekuwa unachana shuka kuzuia damu toka skuli, hedhi inakulaza, damu chini ya kiwango, ningekwambia changa pesa utie cha homoni hata ukisubiri mwezi mmoja miwili zaidi, na huku unasubiri tumia kinga nyengine, usitie shaba kwa sababu ipo ya bure. Ungekuwa mama wa miaka 40 na kitu, hedhi imeanza kuvurugika na kumiminika, kwanza uchunguzwe sababu ya damu hiyo, na ikionekana salama cha homoni kinakutuliza mpaka hedhi ikome yenyewe.

Walio katikati ndo wagumu, damu ya wastani, hawana ugonjwa. Kwa hao mie naangalia wanachokiogopa zaidi. Anayeogopa kukosa hedhi, shaba. Anayeogopa maumivu ya chango, homoni. Anayesema sijui, basi aanze na kilichopo karibu na nyumbani kwake, maana chochote kati ya hivi kinatolewa siku yoyote utakayo, si lazima ufike miaka 10 wala 5. Nesi anavuta nyuzi umetoka. Akikwambia huwezi kukitoa mpaka muda uishe bila ya sababu, nenda kituo chengine.

Jipe miezi 6 kabla hujahukumu, isipokuwa ukiona haya: homa na maumivu makali ya chini ya tumbo, uchafu wenye harufu, damu inayorowesha pedi kila saa, au umekosa hedhi ghafla nawe unacho cha shaba. Hapo usingoje kesho. Na ile kadi watakayokupa yenye tarehe na aina ya kitanzi, ipige picha kwenye simu na karatasi yenyewe iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, maana baada ya miaka 7 hakuna anayekumbuka alitiwa kipi.